Mukono ya Mukwe

Jua ya mwezi wa kumi kule Lubumbashi haihurumie muntu, lakini Kasereka alivaa shati ya mikono mirefu, akaifunga mpaka kifungo ya mwisho. Brigitte alimuona akishuka kwenye taxi mbele ya mulango ya baba yake, kule Hewa Bora, na roho ikamuuma. Leo tena anajificha.

Alikuwa muzuri ile siku. Jasho ilikuwa inatelemuka polepole kwenye shingo yake, na Brigitte alitamani kuipanguza na kitambaa yake mbele ya majirani bote, bacheke kama banataka. Lakini alikuwa na hasira. Mapenzi na hasira bilikuwa bimekaa pamoja kwenye kifua yake kama bamama babili kwenye kiti moja, kila mumoja anasukuma mwenzake.

Tantine Kavugho, shangazi ya Kasereka, alibakia nyuma kubishana na chauffeur. Ile ilibapatia nafasi kidogo.

— Umebadilisha mawazo? Brigitte akauliza chini-chini.

— Brigitte, si leo.

— Kesho asubui banakukata, na unaniambia si leo?

— Nimekuya kukuomba kwa baba yako. Acha kwanza nikuombe.

— Unaniomba na mukono gani? Ile utatupa kesho, ao ile utapata?

Kasereka aliangalia chini. Kisha akamunyooshea mukono ya kuume, ile ya mashine, yenye kuvaa gant ya rangi ya ngozi. Bidole bikafunguka na sauti ndogo, zzz. Siku zote alimupatia ile. Brigitte hakuishika.

Mwaka ya vita, kule Mashariki ya inchi, mambo yote ilianguka mara moja. Bantu balilala na nyumba, bakaamuka bakimbizi. Familia ya Kasereka ilikuwa na depot kubwa ya sukari na mafuta kule Goma. Siku ya kukimbia, Kasereka alikuwa anapandisha bamama na batoto kwenye camion. Camion ikarudi nyuma, ikabana mukono yake kwenye ukuta ya depot. Baganga ba hopitali bakaikata katikati ya kiganja na kiwiko. Kisha yeye na shangazi yake bakazunguka inchi za bantu, Uganda, Tanzania, Zambia, mpaka bakatokea Sakania, kwenye mupaka ya Congo, bamechoka kama biatu bya mulinzi.

Pale kwenye gare ya treni ya Sakania, Brigitte alikuwa amefuata maharagi ya kuuza. Akaona kijana mumoja mwenye bandage, anageuza chungwa kwenye mukono ya kushoto, anaiangalia kama mwanafunzi anaangalia hesabu ya nguvu. Hakumuomba ruhusa. Aliikamata, akaimenya, akamurudishia.

— Kuangalia tu haishibishe, alimuambia.

Kasereka akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Goma. Njo pale ilianzia.

Mukono ya mashine ilikuya nyuma. Projet moja ya bainjenieri bageni ilimupatia bure, na ilifanya kazi kweli: akikaza nyama ya mukono, bidole binafunga, akikaza upande ingine, binafunguka. Brigitte alimushukuru Mungu. Lakini kisha bale bainjenieri bakakuya na neno ingine. Balikuwa na mukono mupya ya nguvu sana, yenye kuinua mufuko ya simenti kama muntu anainua mukate. Shida ilikuwa moja: ile haiwezi kufungwa kwenye kipande yenye kubakia. Lazima bakate tena, juu ya kiwiko. Kiwiko muzima, yenye kukunja na kukunjua! Na Kasereka alikuwa amebaambia ndiyo. Tangu pale, Brigitte na yeye balikuwa banagombana kwa telefone mpaka unités inaisha.

Tantine Kavugho akafika, akatengeneza kikwembe yake.

— Batoto, mugombane mukishaoana. Sasa tuingie.

Papa Floribert alikuwa amekaa chini ya musalaba ya ukuta, na costume yake ya misa. Alikuwa muzee ya chemin de fer, kazi ya treni, mwenye kupumuzika, mukatoliki wa Kabalo tangu kwa babu yake, na sura ya muntu anangojea treni yenye kuchelewa. Hakusimama.

— Tumekuya kubisha mulango, Papa, Tantine akaanza, na kupiga goti kidogo. Tulipita hapa, tukaona ua moja muzuri.

— Mulango ilifunguka, muliingia, mumekaa, Papa Floribert akajibu. Maneno njo ingali yenye kufungwa.

Aliangalia Kasereka tangu biatu mpaka kichwa, kisha akasimamisha macho kwenye gant.

— Kijana, kabila yako haina shida na miye. Kanisa yako ya baprotestanti, tutaongea na padri, ile pia si mulima. Niko na neno moja tu. Ile kitu uko nayo pale, iko ya kuume ao ya kushoto?

— Ya kuume, Papa.

— Mumesikia! Ya kuume! Banatufundishaka: alama ya munyama itawekwa kwenye mukono ya kuume. Na inaongea na mwili yako, si vile? Unawaza, inafanya?

— Ninakaza nyama, Papa, inafunga. Haijue mawazo yangu.

— Leo haijue. Kesho batatia ingine kwenye kichwa, itajua. Kesho kutwa batatengeneza mutoto kama banatengeneza kiti: nataka murefu, nataka mwenye akili kupita wa jirani. Na bajukuu bangu bataita nani baba? Mungu, ao injenieri?

Lakini Tantine Kavugho alikuwa muuzaji wa jumla tangu usichana. Hakuachaka neno ianguke chini.

— Papa Floribert, na ile meno unasemea, ulizaliwa nayo?

Brigitte aliuma mudomo asicheke. Papa alifunga kinywa, kisha akaifungua.

— Meno ni ya kutafuna. Haina batterie.

— Na lunettes ya macho?

— Lunettes naweza kutoa!

— Ata Kasereka anaweza kutoa mukono yake. Sema tu unaogopa. Muzee muzima, maisha yote umelala karibu na locomotive, leo unaogopa bidole bitano!

— Miye naogopa?

— Angalia vile umejibana kwenye kiti.

Papa Floribert akasimama mara moja. Akanyoosha mukono yake kama muntu anaingiza mukono kwenye shimo ya nyoka.

— Lete. Nisalimie. Tuone.

Kasereka akasita. Kwenye taxi ile mukono ilikuwa imelia, tii, tii, sauti ya batterie yenye kuisha, na hakuisikiliza. Tangu jana courant, umeme, ilikuwa yenye kukatika kwenye muji muzima, na hakupata pa kuichaji. Lakini baba ya mupenzi wako akikuomba mukono, utamunyima namna gani? Akaitoa. Bidole bikazunguka kiganja ya muzee, polepole, na heshima yote.

Tiiiii.

Kisha kimya.

— Bon, tumesalimiana, Papa Floribert akasema. Achilia.

— Ninaachilia, Papa.

— Achilia basi.

— Papa… batterie imekufa. Ikikufa, bidole binabakia vile bilikuwa.

— Binabakia mpaka lini?

— Mpaka courant irudi.

— Bikira Maria! Papa akavuta. Kasereka akafuata. Akavuta tena, Kasereka akafuata tena, na meza ya thé karibu ianguke. Papa akamuita bibi yake: Mama Chance! Lete sabuni! Mama Chance, nakufa!

— Inakuuma, Papa? Brigitte akauliza na woga.

— Haiume! Inanishika tu!

Mama ya Brigitte, mwenye bote baliita Mama Chance juu ya jina ya mutoto wake wa kwanza, alikuwa kwenye cuisine anapika tangu asubui. Akakuya mbio na sabuni na bakuli ya mayi. Akafika kwenye mulango, akaona. Na pale pale akasimama, akageuza uso kwa ukuta, akashusha kitambaa ya kichwa mpaka kwenye macho.

— Brigitte, kamata mayi, alisema na sauti ya chini. Miye siwezi kufika pale.

— Hauwezi nini? Papa akalia. Kuya univute!

— Siwezi kugusa mukono ya mukwe.

Kwa bantu ba Papa Floribert, ile inaitwa buko. Mama ya binti hamuangalie mukwe kwenye macho, hamuguse, hakule naye, mpaka siku bazee batafungua ile katazo. Ni heshima kubwa, na haifanyiwe mupita-njia. Inafanyiwa mukwe tu.

Kasereka hakujua ile desturi, lakini neno «mukwe» aliisikia. Masikio yake ikapata moto.

— Mukwe ya nani? Papa Floribert akauliza. Miye sijasema ndiyo!

— Weye haujasema, Mama Chance akajibia ukuta. Miye nimesema.

— Mama Chance, hii si mukono! Ni chuma! Chuma na plastique, kama sufuria yako! Gusa!

Tantine Kavugho akapiga makofi, paa!

— Aaa, Papa! Kama ni sufuria tu, munyama uko wapi?

Kama ni sufuria, haina shetani. Kama si sufuria, basi ni mukono ya mukwe. Muzee alikuwa mwenye kubanwa mara mbili, kwenye bidole na kwenye maneno.

Brigitte alijaribu na sabuni. Alimwanga mayi, akasugua, akavuta kidole kimoja-kimoja. Bure. Ile mukono ilishika kama mudai… hapana, ilishika kama mutoto mwenye kuogopa giza.

— Ulisema anaweza kuitoa, Papa akamuambia Tantine. Aitoe basi.

Tantine aliangalia Kasereka.

— Tungojee courant, Kasereka akasema haraka.

— Courant? Tutazeekea hapa tukishikana!

Brigitte aliweka sabuni kwa chini. Akasimama karibu naye, karibu kabisa, akamuangalia kwenye macho. Yeye hakuwa na buko ya kumukataza.

— Kasereka. Toa.

— Mbele ya baba yako? Sauti yake ikakatika. Brigitte, nimekuya hapa kama mwanaume muzima.

— Nani alikuambia hauko muzima?

— Kila muntu mwenye kuniangalia.

— Miye nakuangalia tangu Sakania. Nilikuambia ile siku moja?

— Hapana.

— Basi toa.

Mukono yake ya kushoto ilitafuta kifungo, ikakosa, ikapata. Shati ikapanda. Akabonyeza pale, akavuta hapa, na kigutu yake ikatoka nje na sauti ya chupa yenye kufunguka. Tangu bandage ya Sakania, Brigitte hakuiona. Ilikuwa fupi, laini, na mushono wa rangi ya waridi kwenye mwisho. Kasereka alifunga macho.

Sasa Papa Floribert njo alikuwa na mikono mitatu. Ile mashine ilining'inia kwenye kiganja yake, nzito, kimya. Lakini hakuiangalia. Alikuwa anaangalia juu ya kiwiko ya kijana, pale mustari wa wino wa bleu ulizunguka ngozi kama kamba.

— Hii alama ni nini?

Brigitte njo alijibu, machozi ikimutoka.

— Ni pale banamukatia kesho, Papa. Banataka kumutia mukono yenye nguvu kupita ya bantu bote.

Muzee akaketi polepole, na ile mashine kwenye magoti yake.

— Kunja kiwiko.

Kasereka akakunja.

— Kunjua. Inauma?

— Hapana, Papa. Iko muzima.

— Iko muzima, na banaikata?

— Papa, Kasereka akasema na kufungua macho, kule Goma nilikuwa nainua mifuko tangu jua mpaka jua. Leo ndoo mbili za mayi zinanishinda. Ungeniuliza nitamulisha binti yako na nini, na kweli utaniuliza. Ile mukono itainua kupita banaume bote ba depot. Nilipoteza kila kitu. Nilitaka nikuye kwako na kitu ya kuzidi. Si na kitu ya kupungua.

Inje, jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Wakati Papa Floribert alisema tena, sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

— Yesu alikuta muntu mwenye mukono ya kukauka, kwenye nyumba ya sala. Alimuambia nini?

— «Nyoosha mukono yako», Tantine akajibu mara moja. Kwa maneno ya Biblia, baprotestanti habashindwe.

— Mbele ya bantu bote. Akanyoosha, ikapona. Ikakuwa namna gani?

— Kama ile ingine.

— Kama ile ingine, Kasereka. Yesu alikuwa na uwezo ya kumupatia mukono ya kubomoa ukuta. Hakumupatia ile. Alimurudishia mukono sawa na mwenzake, apate kushika mukate na kubeba mutoto.

— Basi hii, Papa… Kasereka akaonyesha mashine kwenye magoti ya muzee. Hii ni zambi?

— Asubui ningesema ndiyo. Sasa imenishika, nimeiona karibu. Haina ubaya, masikini. Ni ndugu ya meno yangu. Kutengeneza kile kilivunjika, ata Mungu mwenyewe njo kazi yake. Lakini kuvunja kile kiko kizima, juu ya kupita benzako? Mungu alikuachilia kiwiko, mutoto wangu. Kule mulitoka kuko bantu habakuachiwa ata kaburi. Utaitupa?

Machozi ya Kasereka ikatoka bila sauti.

— Simenti, baiinue na mashine, Brigitte alisema. Miye nataka muntu wa kunishika. Miezi hii yote ninakunyooshea mukono, unanipatia gant.

— Nilifikiri utachukia kuiona.

— Uliniuliza?

— Sikukuuliza.

— Uliza sasa.

Mbele ya baba, mbele ya shangazi, mbele ya mama mwenye kuangalia ukuta, Kasereka akauliza:

— Brigitte… unaichukia?

Brigitte aliweka kiganja yake kwenye ile kigutu, akaifunika yote. Ilikuwa na joto. Ilikuwa laini kama shavu ya mutoto mwenye kulala. Mabega ya Kasereka ikashuka, kama muntu mwenye kutua mufuko kwenye mwisho ya safari ndefu.

— Banafanya nini? Mama Chance akauliza kwa ukuta. Muniambie, miye sione!

— Banashikana, Mama, Tantine akasema, na kupanguza pua.

— Mungu ashukuriwe!

Kasereka akacheka katikati ya machozi. Kisha akainama, akachukua ile sabuni ya bure, akaiweka kwenye mukono ya Brigitte.

— Nisaidie kutoa ile alama. Kesho sitaenda.

Brigitte akasugua. Wino ikakataa kwanza, kisha ikaanza kuteremuka bleu-bleu kwenye bakuli. Kasereka hakuacha kumuangalia usoni, na yeye alisugua polepole kupita vile ilihitaji.

— Na kazi? Papa akauliza, lakini na upole.

— Papa, nilizoea kuinua. Nitajifunza kuuza. Kinywa habakuikata.

— Tangu Goma namuambia ile! Tantine akalia. Kwetu mwenye kuinua mifuko na mwenye kuuza mifuko, nani anajenga nyumba?

— Bon, Papa Floribert akasema, akanyanyua ile mashine mbele ya macho yabo. Munaonekana mumesikilizana, ni muzuri. Na miye munaniacha namna hii mpaka Noeli?

Mama Bwalya, kwenye kona ya avenue, alikuwa na groupe, jenereta ya kuzungusha moulin yake ya unga, na chargeur ilikuwa kwenye sakoshi ya Tantine. Ilibakia kutembea tu. Papa alijaribu kuficha ile kitu chini ya veste. Mwisho yake ya plastique ikatokea kwenye kola kama kichwa ya kuku. Akaacha. Akatoka nayo inje, jua kali, bantu ba dimanche, siku ya Mungu, bamejaa mbele ya milango yabo. Kasereka alitembea kando yake, shati yenye kukunjwa mpaka kwenye bega, kigutu yake wazi, ingali na wino kidogo. Brigitte alifuata nyuma na Tantine, na kila mara macho yake ilirudia ile shingo yenye jasho.

Mama Bwalya alibaona tangu mbali. Akaweka mikono kwenye kiuno.

— Papa Floribert! Dimanche yote hii, unashikana na nini?

Muzee akasimama. Majirani bakasimama. Akaangalia bile bidole bitano kwenye kiganja yake, kisha kijana kando yake mwenye hakuficha kitu. Akakohoa kidogo.

— Ni mukono ya mukwe yangu, alisema. Washa groupe.